Bei ya maziwa ilipoanguka Ulaya, nani alishikwa mukono?

Mu mwezi wa tisa 2009 nilikuwa na mutoto wa miezi minane mu nyumba na kazi hakuna. Kampuni kule nilikuwa natumika, silitaji jina, ilitupatia barua ya konje tekniki mu mwezi wa kumi na mbili wa 2008. Walisema miezi mitatu. Miezi mitatu ikapita, ikaja mingine, na hakuna mutu aliyetuita. Maziwa ya mutoto, bibi yangu alikuwa ananunua ku soko ya Kenya, ya unga, yale bamama wanapima na kijiko na kufunga mu kasashe kadogo. Kasashe kamoja kwa siku. Siku zingine hatukuwa hata na ya kasashe.

Jioni moja tulikuwa kwa jirani mwenye alikuwa na televizyo ya parabole. Habari za Ubelgiji. Tukaona trakta nyingi mu shamba, zinavuta matangi, na nyuma yao maziwa yanatoka kama maji ya mvua. Shamba lote likawa meupe. Ilikuwa karibu na mji wa Ciney, tarehe 16 mwezi wa tisa, na walisema ni litra milioni tatu. Litra milioni tatu zimemwagwa chini siku moja! Bibi yangu akaangalia, akamubeba mutoto vizuri ku mugongo, akauliza: "Bale batu beko na wazimu?"

Sikuwa na jibu. Nilijua paka kwamba wale wakulima hawakuwa wanacheka. Mumoja alikuwa analia mbele ya kamera, mwanaume muzima, na mikono minene kama ya sisi watu wa kazi.

Ile ulizo nilikaa nayo. Kisha nikaingia mu sendika, na mu sendika unajifunza kusoma habari za watu wengine, kwani shida ya mutu mwingine mara nyingi imekwisha kupita ku njia yako ama inakuja. Na leo nimeona ni vizuri kuandika juu yake, sababu tangu mwezi wa kumi 2025, Kolwezi, Likasi na hapa Lubumbashi, kuko neno moja mu midomo ya watu wote: kota. Wale wakulima wa maziwa waliishi na kota miaka 31. Wanajua utamu wake na uchungu wake.

Ngombe haisikilize bei

Tuanze na kazi yao, kwani wengi wetu tunajua paka mukebe. Ngombe ya maziwa inakamuliwa mara mbili kwa siku, asubuhi na mangaribi. Siku ya Mungu, siku ya sikukuu, siku ya kilio, paka vile. Ukiiacha bila kukamua, ziwa linavimba na inagonjwa. Maziwa yanaingia mu tangi ya baridi, na kisha ya siku mbili ao tatu kamyo ya kiwanda inakuja kuyabeba. Isipokuja, yanaharibika.

Sasa sikiliza neno hili, njo lilinishangaza kupita yote: mukulima mara nyingi alikuwa anatoa maziwa kwanza, bei alikuwa anaisikia kisha. Kiwanda kinabeba, mwezi unaisha, karatasi inakuja na kusema: mwezi huu litra ni senti fulani. Ndugu wachimbaji wa mikono, ninyi wenye munapeleka mifuko ku madepo ya Musompo, munajua ile hali. Unafika na muzigo, anaweka Metorex, anakwambia tenere ni hii na bei ni hii. Utafanya nini? Utabeba mufuko tena ku mugongo urudi nao?

Mwisho wa 2007 bei ya maziwa Ulaya ilikuwa juu sana, karibu senti 40 za euro kwa kilo. Wakulima wakafurahi. Benki zikawafuata nyumbani na makopo, wakajenga manyumba ya ngombe, wakanunua mashini za kukamua. Halafu ikaanguka. Katikati ya 2009 bei ya wastani ilikuwa senti 24 hivi, na wengine walipata chini ya 20. Kutosha ile litra kulikuwa kunawagharimu zaidi ya pale.

Angalia tarehe. Mu mwezi wa saba 2008 tani moja ya shaba ilikuwa karibu dola 9.000 ku soko ya London. Mu mwezi wa kumi na mbili ilikuwa chini ya 3.000. Ugonjwa ulikuwa ule ule: mabenki ya Marekani yalianguka, viwanda vya dunia vikapunguza kazi, watu wakafunga mifuko. Barua yangu ya konje tekniki na maziwa ya Ciney vilitoka mu moto mumoja. Mimi nilifikiri ni shida ya Katanga peke yake.

Na mutu mwenye deni anafanya nini bei ikianguka? Hapunguze. Anaongeza. Benki inataka pesa ile ile kila mwezi, na litra moja sasa inaleta kidogo, basi anakamua litra nyingi zaidi. Creuseur naye ni vile: kilo ikishuka bei, anajaza mifuko mingi zaidi, anashuka chini zaidi, analala mu chimbo. Kila mutu peke yake ana haki ya kufanya vile. Wote pamoja wanaua bei. Njo maana pale serikali inalazimishwa kuingia. Mutu mumoja hawezi kujizuia wakati jirani yake hajizuie.

Trakta mbele ya Matonge

Niko na ndugu mumoja, mutoto wa mama mukubwa, mwenye anaishi Bruxelles. Matonge ya kule, kwa Wakongomani, iko hatua kidogo tu na nyumba kubwa za Muungano wa Ulaya. Alinisimulia mwezi wa kumi wa 2009: asubuhi ya tarehe 5 hakuweza kufika ku kazi. Trakta zilijaa barabarani, watu wanawasha majani na matairi, kelele ya honi tangu saa mbili ya asubuhi. Mawaziri wa kilimo wa Ulaya walikuwa wanakutana. Alinipigia simu akisema: "Yaya, huku bakulima banafanya greve na ma tracteur, polisi inaangalia tu." Mimi nilikuwa bila kazi, nikacheka kidogo. Sisi tungefunga barabara ya Likasi na makamyo, tungelala wapi?

Kisha ya wiki mbili Ulaya ikasema: tunatoa euro milioni 280 kwa wakulima wa maziwa. Magazeti yakaandika kwa herufi kubwa. Milioni 280! Lakini mutu wa sendika anajifunza kutogopa zero nyingi. Chukua kalamu. Ulaya mu ule wakati ilikuwa inatosha maziwa zaidi ya tani milioni 130 kwa mwaka. Gawanya ile pesa, unapata sehemu moja ya tano ya senti moja kwa kila kilo. Mukulima wa ngombe 45, mwenye anatosha kilo 300.000 hivi kwa mwaka, fungu lake ni karibu euro 600. Na kama bei imeshuka senti 10 kwa kilo, hasara yake kwa mwaka ni euro 30.000. Unamupatia mutu 600 mu shimo la 30.000. Ni kama ile siku kampuni inakuletea mufuko wa bunga wa kilo 25 kwa noeli na kusema tumewafikiri.

Sisemi ilikuwa bure. Kwa mutu mwenye benki iko mulangoni, hata 600 ni mwezi wa kupumua. Nasema tu: ulizo ya kwanza ku musaada wowote wa serikali ni kugawanya.

Njia ingine ilikuwa ya zamani: serikali inanunua. Maziwa hayakai, lakini ukiyageuza siagi na unga yanakaa mu depo. Muungano wa Ulaya uliweka bei ya chini, kwa unga ilikuwa euro 1.698 kwa tani, na soko likifika pale, serikali inabeba na kufungia mu madepo. Mu 2009 ilibeba unga zaidi ya tani 250.000. Ni njia inayosimamisha bei haraka, sababu muuzaji anajua kuko mununuzi wa mwisho. Shida yake ni kwamba ile unga haikufa. Iko mu depo, kila mutu wa soko anajua iko mu depo, na bei haiwezi kupanda vizuri sababu wanunuzi wanangojea itoke. Mu miaka ya 1980 walikuwa hata na siagi zaidi ya tani milioni moja mu frigo. Walikuwa wanaita mulima wa siagi.

Na wakati wa kuitosha, inaenda wapi? Mu 2009 Ulaya ilirudisha pia ile pesa ya kusaidia wauzaji wa inje, yaani serikali inalipa kampuni ili iuze maziwa ngambo kwa bei ya chini. Ngambo ni sisi. Ni Afrika. Mufugaji wa Senegal ao wa Burkina Faso, mwenye ana ngombe kumi na haana frigo, alishindana na unga ile ililipiwa na hazina ya Ulaya. Ile aina ya musaada ilikatazwa ku mukutano wa biashara ya dunia uliofanyika Nairobi mwezi wa kumi na mbili 2015. Lakini unga haikusimama. Leo sehemu kubwa ya ile inaenda Afrika ya mangaribi ni maziwa wametosha siagi na kuweka mafuta ya ngazi mahali pake. Siagi inauzwa bei kali Ulaya, na sisi tunapata kilichobaki. Bamama, munaponunua kasashe, muangalie kama kumeandikwa maziwa ao "mafuta ya mimea". Wenye wanafungua mufuko mukubwa na kuuza na kijiko, pale huwezi hata kusoma.

Na ndugu mumoja aliniuliza mu mukutano: kama bei ilianguka nusu kule, mbona kasashe hakakushuka hapa? Nilimuuliza bibi yangu, mwenye anajua soko kupita mimi. Hakukumbuka siku hata moja kasashe kalishuka. Kati ya ngombe ya Ulaya na kijiko cha soko ya Kenya kuko kiwanda, mashua, bandari, duane, kamyo, mukubwa wa depo. Kila mumoja anameza kidogo ya ile tofauti. Njo vile pia na shaba yetu: ikipanda London, mutu wa mwisho kusikia ni mwenye koleo.

Kulipwa ili usikamue

Kota ya maziwa ilianza mwezi wa ine 1984. Kila inchi na kila mukulima alipewa kipimo. Ukipita, unalipa faini. Ilikufa tarehe 31 mwezi wa tatu 2015. Viwanda vikubwa viliisukuma ife, vikisema China inataka maziwa, dunia inataka maziwa, kila mutu atosha kama anaweza. Wakulima wengi walianza kuongeza ngombe hata mbele ya ile tarehe. Lakini mu mwezi wa nane 2014 Urusi, mu vita yake ya biashara juu ya Ukraine, ilifunga mulango kwa jibini na siagi ya Ulaya. China nayo ikapunguza kununua. Maziwa yakajaa. Mu mwezi wa saba 2016 bei ya wastani ilikuwa karibu senti 26, na mu inchi zingine chini ya pale.

Tarehe 7 mwezi wa tisa 2015 trakta zilirudi Bruxelles, na siku ile ile Ulaya ikatangaza euro milioni 500. Tena wakanunua unga, tani karibu 380.000 kufika mwisho, kwa ile ile bei ya 1.698. Walimaliza kuiuza paka mwanzo wa 2019, sehemu yake kwa bei ya chini sana kupita ile walinunua.

Lakini mu mwezi wa saba 2016 walijaribu kitu kingine, na hapa nataka tukae kidogo. Mu pesa mpya ya milioni 500, waliweka milioni 150 pembeni na kusema hivi: mukulima mwenye atapunguza maziwa kwa miezi mitatu, tukilinganisha na miezi ile ile ya mwaka uliopita, tutamulipa senti 14 kwa kila kilo ambayo hakutosha. Hakuna mutu wa kulazimishwa. Unaandika jina, unasema utapunguza ngapi, unaleta karatasi za kiwanda, unalipwa.

Ile wazo haikutoka kwa mabwana wa ofisi. Chama cha wakulima wa maziwa cha Ulaya, European Milk Board, ambacho kiko na Wabelgiji wengi na Wajerumani, kiliililia miaka na miaka. Walikuwa wanaambiwa ni ndoto, mukulima hatakubali kupunguza. Basi wakulima karibu 44.000 walipunguza, na maziwa ambayo hayakutoka yalikuwa zaidi ya tani 830.000 mu miezi mitatu ya mwisho ya 2016. Mwisho wa mwaka bei ilirudi karibu senti 33. Sitasema ilikuwa sababu ya ile mupango peke yake, kwani wengine walikuwa wamekwisha uza ngombe zao ama kufunga, na maziwa yalikuwa yanapunguka hata bila pesa. Lakini linganisha: kwa milioni 150 waligusa chanzo, ni kusema maziwa mengi. Zile milioni zingine ziligusa kidonda tu.

Wazee wetu wakisikia "kwa hiari" wanatikisa kichwa. Mu 2003 wafanyakazi 10.655 wa Gécamines waliondoka mu operesheni ya départ volontaire, kwa pesa ya Benki ya Dunia. Mu familia nyingi za Likasi na Kipushi ile hesabu inajulikana kama namba ya nyumba. Lakini musifananishe kabisa. Mukulima wa 2016 alipunguza miezi mitatu, ngombe zake zikabaki, shamba likabaki, mwezi wa ine akakamua. Mwenye aliondoka kazini alitoka kwa siku zote, na watoto wake wakatoka ku masomo na ku lopitali ya kampuni siku moja. Musaada wa kumuacha mutu ku kazi yake na musaada wa kumutosha ku kazi yake ni vitu viwili, hata kama karatasi zote zimeandikwa "hiari".

Kuko kitu kingine wakulima walipata ambacho hakikuwa pesa, na kwa macho yangu kilipita zile milioni. Kisha ya ile 2009, Ulaya ilitosha sheria mu 2012: wakulima wana ruhusa ya kujikusanya na kupatana bei na kiwanda kwa pamoja, na inchi inaweza kulazimisha mapatano ya kuandikwa, yenye bei, kipimo na muda. Mbele ya pale sheria za ushindani zilikuwa zinawatisha. Wakulima wakiketi pamoja kusema bei, wangeweza kushitakiwa. Kiwanda kimoja kinanunua kwa wakulima elfu, na wale elfu wanakatazwa kusema na mudomo mumoja! Sisi watu wa konvasyo tunaelewa ile bila kufundishwa. Lakini sheria iliwekwa kikomo: kikundi kimoja hakiwezi kupita asilimia 3,5 ya maziwa ya Ulaya yote, wala tatu ya moja ya maziwa ya inchi. Kwa hiyo mu mwezi wa kumi na moja wa ule mwaka wa 2012 walirudi Bruxelles tena, na mara hii walirusha maziwa na mupira wa maji ku ukuta wa Bunge la Ulaya. Ndugu yangu wa Matonge alisema harufu ilikaa siku kadhaa.

Kobalti inakaa mu depo, mutu haakae

Sasa turudi nyumbani. Kongo inatosha karibu robo tatu ya kobalti ya dunia. Mwanzo wa 2025 ilikuwa imeanguka, pauni moja karibu dola 10, bei ambayo hatukuiona tangu miaka mingi. Tarehe 22 mwezi wa pili serikali ilifunga kutosha kobalti inje kwa miezi mine. Mu mwezi wa sita ikaongeza miezi mitatu. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi ni kota: tani 18.125 kwa mwisho wa 2025, kisha tani 96.600 kwa 2026 na tena 96.600 kwa 2027, na kila kampuni inapata fungu lake. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili mbele ya mwaka kuisha. Ninasema wazi: mimi sikuwa kinyume. Wenye wanasema serikali haiwezi kitu ku bei ya dunia, pale waliona inaweza.

Lakini tusome ile na macho ya mukulima wa 2016. Alipopunguza, alilipwa senti 14 kwa kilo, yeye mwenyewe, ku konti yake. Huku kwetu kampuni ilifunga kobalti mu mifuko, ikaipanga mu depo, ikaendelea kuuza shaba yake. Kobalti inangojea bila kuoza. Miezi saba, mwaka, itauzwa bei ya juu kupita ile ya zamani. Aliyebaki nani? Kreze mwenye depo yake ilifungwa kwa wiki na wiki. Mufanyakazi wa suutretansi mwenye aliambiwa kontra imeisha, utaitwa. Mama wa mukate mulangoni mwa kiwanda.

Siku yangu ya kazi haiwekwi mu mufuko. Siku ya ine ya mwezi huu, kama sikutumika, hakuna depo kule imelala ikingojea bei. Imekwisha haribika mangaribi yake. Mushahara uko karibu na maziwa kuliko kobalti, na wale wenye waliandika kota waliandika kwa ajili ya kitu ambacho kinangojea.

Watanijibu: Ulaya ni tajiri, sisi tutatosha wapi pesa? Hesabu iko mu sheria yetu wenyewe. Kodi ya madini ile tunaita redevance minière ni asilimia 10 ku kobalti, tangu iliwekwa mu vitu vya lazima vya taifa mu 2018. Bei ikipanda mara mbili, na ile kodi inapanda kufuata bei. Kodi mpya ya madini ya 2018 inagawanya redevance: nusu kwa serikali kubwa, robo kwa provensi, 15 kwa mia kwa wilaya na sheferi, 10 kwa mia kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Vizazi vinavyokuja ni vizuri, ni watoto wetu. Lakini hakuna fungu hata moja lenye jina la mufanyakazi mwenye alikaa nyumbani ili bei ipande. Sisi mu sendika tunaomba kitu kidogo: wakati serikali yenyewe njo imefunga mulango, miezi ya konje tekniki ilipwe kwa sehemu fulani, na ile sehemu iandikwe mu masharti ya kota. Kampuni inayotaka fungu la tani zake ilete kwanza orodha ya watu iliowaweka nyumbani mu 2025 na kile iliwalipa.

Mwaka 2009 mimi sikuwa ku orodha yoyote. Nilirudishwa kazini ku kampuni ingine, kisha ya mwaka na zaidi, na hakuna mutu aliyejua tulikuwa wangapi. Kila mutu alikuwa anasema hesabu yake: elfu kumi, elfu mia. Serikali haiwezi kukulipa kama haikukuhesabu.

Wale wakulima 44.000 walilipwa sababu walikuwa na karatasi ya kiwanda ya mwaka uliopita, mwezi kwa mwezi, kilo kwa kilo. Mwenye alitupa karatasi zake hakupata hata senti. Kwa hiyo, ndugu mwenye uliandikiwa barua ya konje tekniki mu mwaka wa 2025, ama kontra yako ilikatwa mu ile miezi karibu nane ya kufungwa: barua, bulteni ya mwisho ya mushahara na karte ya kazi, ufanye kopi mbili. Moja uipeleke kwa delege wako, akuandikie tarehe na sahihi nyuma. Ingine bibi aiweke pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto. Wenye wanatumika kwa suutretansi na hawakupewa barua, waje na majina ya washahidi wawili wa zamu yao. Na wachimbaji wa mikono, kopereti yenu iko na kitabu cha mifuko. Mwambieni mwandishi wake asikitupe mwaka ukiisha.